Nakala ya Akiba: Kutoka Karatasi Mpaka Simu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yaliyosemwa yamepigwa chapa hapa, ili msomaji ayafuate na kuyarudia.



Leo tutazungumza habari ya simu. Si habari ya kupiga simu, maana hiyo mnaijua wote. Tutazungumza juu ya vitu mlivyoviweka ndani yake. Hebu kila mmoja ajiulize kimya kimya: simu yangu ikianguka mtoni jioni ya leo, nitakuwa nimepoteza nini?

Tuseme yuko mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Ndani ya simu yake mna namba za wanachama 30. Mna picha za kurasa za daftari la kikundi. Mna picha ya hati ya shamba. Tena mna sauti ya marehemu mama yake, aliyoinasa siku moja akisimulia habari za ukoo. Basi siku moja, katika msongamano wa stendi, mkono wa mwizi unaingia mkobani. Simu nyingine atanunua, Mungu akimjalia. Lakini sauti ya mama yake ataipata duka gani?

Swali hili si jipya. Watu wameliuliza tangu zamani, nao wamelijibu kwa njia mbalimbali. Tukizijua njia zao, tutajua na yetu.

1. Mashairi ya Muyaka

Mjini Mombasa aliishi mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840. Alitunga mashairi ya vita na siasa, ya mapenzi, na ya maisha ya mji wake. Watu waliyapenda, wakayashika kwa moyo. Lakini moyo wa mtu hufa pamoja naye. Kila mzee alipozikwa, mashairi aliyoyajua peke yake yalizikwa naye.

Miaka mingi baadaye, mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyakusanya mashairi hayo na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Karatasi zikasafiri mpaka Uingereza, na mwaka 1940 W. Hichens akayatoa mashairi hayo kitabuni, kikapigwa chapa Johannesburg, Afrika ya Kusini. Ilikuwa yapata miaka mia moja tangu kufariki kwake mshairi.

Katika habari hii mna mafundisho mawili. La kwanza, kitu kilicho mahali pamoja tu kiko hatarini. Kama si mkono wa Mwalimu Sikujua, mengi ya mashairi hayo tusingeyajua leo. La pili, karatasi za Taylor sasa zimo katika maktaba ya chuo kimoja mjini London. Kijana wa Mombasa akitaka kuzishika karatasi zenyewe zenye mashairi ya mshairi wa mji wake, hana budi kuomba ruhusa katika nyumba ya mbali. Sisemi kwamba waliozitunza walikosa. Walizitunza vema. Nasema tu kwamba nakala iliyo katika nyumba ya mwenzio huipati ila kwa masharti ya mwenye nyumba.

Kiongozi wa darasa, andika ubaoni maneno hayo mawili: MAHALI na MASHARTI. Tutayarudia.

2. Nakala ya chini

Sasa twende ofisini na dukani. Mwaka 1780 James Watt, yule fundi mashuhuri wa injini ya mvuke, alibuni njia ya kunakili barua. Karatasi nyembamba yenye unyevu ilikandamizwa juu ya barua iliyoandikwa kwa wino, na wino kidogo ukahamia juu yake. Mwaka 1806 Mwingereza mwingine, Ralph Wedgwood, aliandikisha ufundi wa karatasi iliyotiwa wino, ambayo sisi twaiita kaboni.

Kaboni mnaijua. Mwenye duka huandika stakabadhi, nakala ya juu humpa mnunuzi, na ya chini hubaki kitabuni. Wakibishana, kitabu hufunguliwa. Angalieni jambo moja. Nakala ile ilikaa katika sanduku la mwenye duka, na ufunguo wa sanduku alikuwa nao yeye. Hakumlipa mtu kodi ya kuitunza, wala hakumwomba mtu ruhusa ya kuisoma.

3. Mashine ya tani moja

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kuhifadhi maandishi juu ya sahani zinazozunguka. Sahani zilikuwa 50, na uzito wa mashine ulizidi tani moja. Iliweza kushika herufi milioni 5 hivi. Simu ya siku hizi yenye nafasi ya gigabaiti 64 hushika zaidi ya mara 10,000 ya hizo, nayo huingia katika mfuko wa shati.

Hiyo ni baraka, lakini ina upande wake wa pili. Hakuna mwizi aliyeweza kutia mashine ya tani moja mfukoni. Kadiri chombo kilivyozidi kuwa kidogo, ndivyo ilivyozidi kuwa rahisi kupoteza vingi kwa mara moja.

Hata wakubwa wa kazi hii wamepata ajali. Mwaka 1998 kampuni ya filamu ya Pixar, huko California, ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Amri moja ilitolewa katika kompyuta kwa makosa, na sehemu kubwa ya filamu ikafutika. Wakaiendea nakala ya akiba, wakaona haikuwa ikiandikwa sawasawa, wala hakuna aliyekuwa ameijaribu. Kisha mmoja wao, Galyn Susman, akakumbuka kwamba alikuwa na nakala nyumbani. Alikuwa amejifungua mtoto, akawa akifanyia kazi huko. Kompyuta yake ikaletwa ofisini kwa uangalifu mkubwa, kazi ikaendelea, na mwaka 1999 filamu ikatoka.

Basi ongezeni ubaoni neno la tatu: JARIBU. Nakala ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu. Na tazameni neno MAHALI limerudi, maana kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa katika nyumba nyingine.

4. Simu, na lile liitwalo wingu

Sasa tumefika kwenye simu. Laini za kwanza za simu za mkononi zilitengenezwa Ujerumani mwaka 1991 kwa ajili ya kampuni ya simu ya Finland. Wengi wenu mnakumbuka zamani za simu ndogo za vitufe. Majina na namba yaliweza kuandikwa juu ya laini yenyewe. Simu ikiharibika, ulitoa laini, ukaitia katika simu nyingine, na majina yakakufuata. Lakini laini ilishika majina machache, wala haikushika picha.

Mwaka 1996 Wamarekani walitoa daftari la umeme liitwalo Pilot. Lilikuwa na kitako chake mezani. Ulilisimamisha hapo, ukabonyeza kitufe kimoja, nalo likalinganisha maandishi yake na ya kompyuta yako. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007, nayo iliunganishwa kwa waya na kompyuta ya mwenyewe, nakala ikawekwa humo. Mpaka hapo mambo yalikuwa kama kaboni ya mwenye duka, yaani nakala ilikuwa juu ya meza ya mwenye mali.

Kisha mambo yakageuka. Simu za Android zilipotoka mwaka 2008, majina na namba za mwenye simu yaliweza kuhifadhiwa na kampuni ya Google kupitia intaneti. Mwaka 2011 kampuni ya Apple nayo ikaanzisha huduma yake iitwayo iCloud, maana yake wingu. Tangu hapo watu wengi wakazoea kusema, "Picha zangu ziko kwenye wingu."

Wingu ni nini? Si wingu la mvua. Ni nyumba kubwa kama maghala, zilizojaa kompyuta, katika nchi mbalimbali. Kompyuta zile ni mali ya kampuni. Ukisema picha yako iko kwenye wingu, maana yake iko katika kompyuta ya mtu mwingine.

Tuwe wenye haki. Njia hii imewasaidia watu wengi. Mtu huibiwa simu asubuhi, na jioni picha zake zote zimerudi katika simu mpya. Asiye na njia nyingine asiiache kabla ya kupata iliyo bora. Lakini yafaa tuyajue masharti ya nyumba tunamoweka mali.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2009, huko Marekani, watu waliokuwa na simu za Sidekick waliamka wakakuta majina, picha na kalenda vimetoweka. Simu zile ziliweka vitu vyake katika kompyuta za kampuni ya Danger, iliyokuwa imenunuliwa na Microsoft, na kompyuta hizo zilikuwa zimeharibika. Baadaye kampuni ilisema imeokoa sehemu kubwa. Lakini kwa siku nyingi wenye mali walikaa wakingoja, bila kuwa na la kufanya.

Masharti nayo hubadilika. Tangu mwaka 2015 Google ilihifadhi picha za watu bure, bila kikomo, mradi ukubwa wake upunguzwe kidogo. Tarehe 1 Juni 2021 ruhusa hiyo ilikoma. Picha mpya zikaanza kuhesabiwa katika gigabaiti 15 za bure, na anayezidi hapo hulipa.

Tena kuna habari ya ufunguo. Mwaka 2013 karatasi za siri alizozitoa Mmarekani Edward Snowden zilionyesha kwamba idara ya ujasusi ya nchi yake ilikuwa ikipata habari za watu kutoka kampuni kubwa za intaneti. Mwezi wa Desemba mwaka 2022 Apple ilianza kutoa kufuli ambayo ufunguo wake huwa kwa mwenye simu peke yake, hata kampuni isiweze kusoma nakala nyingi alizoziweka kwake. Lakini Februari 2025 iliacha kuwapa watu wa Uingereza kufuli hiyo, baada ya habari kuenea kwamba serikali ya huko ilitaka mlango wa kuingilia.

Andikeni neno la nne: UFUNGUO. Swali la kuuliza ni nani awezaye kuifungua nakala yako pasipo wewe kujua.

5. Waliotafuta njia ya nyumbani

Wakati kampuni zilipokuwa zikijenga maghala, watu wengine walitengeneza vyombo vya kumwezesha mtu kujiwekea akiba mwenyewe. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, huko Australia, walitoa programu iitwayo rsync. Hiyo haikunakili kila kitu upya kila siku. Ilipeleka sehemu zilizobadilika tu, na kazi ikawa nyepesi. Mwaka 2010 Mjerumani Frank Karlitschek alianzisha ownCloud, programu ya kumwezesha mtu, shule au kikundi kuwa na ghala yake katika kompyuta yake. Mwaka 2013 ikatoka Syncthing, ambayo hulinganisha folda ya simu na folda ya kompyuta yako bila kuweka nakala kwa kampuni yoyote. Programu zote hizi zilitolewa bure, na maandishi ya ufundi wake yakaachwa wazi ili kila fundi ayakague.

Kufuli nayo ilipatikana. Mwaka 2001 serikali ya Marekani, baada ya shindano la wazi la mafundi wa nchi mbalimbali, ilikubali njia ya kufunga maandishi kwa fumbo iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Jinsi kufuli hiyo inavyofanya kazi kila fundi anajua. Siri ni neno lako la kuifungulia tu. Kufuli ya namna hiyo, ambayo zamani ilikuwa kitu cha majeshi na mabenki, leo imo katika simu na kompyuta za watu wa kawaida.

6. Mama mweka hazina afanye nini?

Turudi kwa mama yetu, kabla ya siku ile ya stendi. Afanye hivi.

Kwanza, achague vitu vyenye thamani. Si lazima anakili kila kichekesho alichotumiwa. Aanze na namba za watu, picha za hati na daftari, na sauti ya mama yake.

Pili, aunganishe simu na kompyuta kwa waya. Simu ikimwuliza waya ni wa nini, achague kuhamisha faili. Katika simu za Android picha za kamera huwa katika folda iitwayo DCIM, basi aikopi yote. Asiye na kompyuta anunue flashi yenye ncha mbili, ambayo ncha moja yake huingia katika simu. Mwenye iPhone na kompyuta aweke nakala nzima katika kompyuta, akichagua ifungwe kwa neno la siri.

Tatu, namba za watu. Katika programu ya majina kuna mahali pa kuyatoa yote yawe faili moja, ambayo jina lake huishia kwa herufi vcf. Faili hiyo husomwa na simu za aina nyingi. Kwa WhatsApp, ndani ya mazungumzo ya mtu au kikundi kuna mahali pa kuyatoa mazungumzo hayo yawe faili.

Nne, afunge. Flashi iliyo wazi ikiokotwa husomwa na yeyote. Programu kama VeraCrypt, ambayo ni ya bure, hutengeneza kama sanduku ndani ya flashi, na sanduku hilo hufunguka kwa neno la siri tu. Neno liwe refu, kama maneno sita yasiyohusiana. Aliandike katika karatasi, aiweke mbali na flashi, maana akilisahau hakuna fundi wa kumfungulia. Asiandike humo namba ya siri ya fedha za simu. Fedha zenyewe hazimo ndani ya simu. Hesabu yake iko kwa kampuni, naye huipata tena akirudishiwa laini yake.

Tano, nakala ziwe zaidi ya moja. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni nyepesi ya namba 3, 2, 1. Uwe na nakala 3 ukihesabu na ile ya simu, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe katika nyumba nyingine. Mama yetu ana simu, ana kompyuta ya kijana wake, na flashi ameiweka kwa dada yake. Nyumba ikiungua, kwa dada hakuunguki.

Sita, ajaribu. Kila baada ya miezi michache afungue nakala, atazame picha mbili tatu, aisikilize sauti ya mama yake mpaka mwisho. Flashi huchakaa, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa ahamishie katika mpya.

Na tahadhari moja. Asitumie kompyuta ya duka la intaneti kwa kazi hii, maana huenda akaacha nakala nyuma yake. Kumbukeni kwamba namba 30 zile si siri yake peke yake. Ni amana ya wanachama. Kenya ilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Lakini hata kabla ya sheria, mweka hazina alijua kwamba daftari la watu haliachwi barazani.

Kazi hii yote itamchukua mchana mmoja, na bei ya flashi. Siku ya stendi itakapokuja, atalia kidogo kwa ajili ya simu. Kisha ataenda kwa dada yake.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Mwalimu Sikujua hakungoja wazee wote wazikwe ndipo ashike kalamu. Nanyi msingoje. Kwa herini, mpaka somo lijalo.

Maneno ya leo

Nakala ya akiba: nakala inayowekwa kando ili itumike kitu cha kwanza kikipotea.
Wingu: kompyuta za kampuni, zinazofikiwa kwa intaneti.
Flashi: kijiti kidogo cha kuhifadhia faili.
Neno la siri: neno au maneno ya kufungulia, anayoyajua mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mashairi ya Muyaka hayakupotea yote?
2. Nakala ya chini ya stakabadhi inafanana na nini katika simu? Inatofautiana vipi na wingu?
3. Watu wa Pixar walikuwa na nakala ya akiba. Kwa nini haikuwafaa?
4. Elezeni kwa maneno yenu: MAHALI, MASHARTI, JARIBU, UFUNGUO.
5. Kazi ya nyumbani: andika vitu vitano vilivyo ndani ya simu yako ambavyo haviuzwi dukani. Kando ya kila kimoja, andika nakala yake iko wapi.